Ithibati iko ukutani, dawa iko mkononi mwa nani?



Ndugu zangu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo nataka tulizungumze jambo ambalo tumezoea kulizungumza matangani tu, kwa sauti ya chini, kisha likazikwa pamoja na maiti wetu. Nalo ni dawa anayopewa mgonjwa hospitalini kwa makosa. Ama si dawa yake, ama ni yake lakini kipimo kimezidi, ama ilitakiwa imezwe ikapitishwa mshipani. Na sambamba na hilo nataka tuizungumze ile karatasi nzuri yenye fremu inayotundikwa pale mapokezi, wanayoiita cheti cha ithibati, kwa sababu siku hizi karatasi hiyo imegeuzwa ngao. Ukiuliza swali unaelekezwa kuitazama.

Kwa wasiojua, ithibati ni hivi. Chombo cha nje, ambacho si hospitali yenyewe, kinakuwa na kitabu cha masharti. Hospitali inaomba, wakaguzi wanakuja, wanapita wadi kwa wadi na faili kwa faili, na wakiridhika wanatoa cheti cha muda maalumu. Marekani wanacho chombo kinachoitwa Joint Commission tangu mwaka 1951, na tawi lake la kimataifa, JCI, hutoa cheti cha miaka 3. Afrika Kusini wanacho cha kwao, COHSASA. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Aga Khan University Hospital ya Nairobi ilipata ithibati ya JCI mwaka 2013, na King Faisal ya Kigali imewahi kupata ya COHSASA. Kwa zahanati na vituo vidogo upo mpango wa SafeCare, ulioanza mwaka 2011, unaopandisha kituo ngazi kwa ngazi mpaka ya 5, nao umetumika sana Kenya na Tanzania.

Mtu asinielewe vibaya. Sipigi vita ithibati. Ninachokipiga vita ni kukifanya cheti kuwa jibu. Cheti ni ahadi. Hospitali imeahidi mbele ya wakaguzi kwamba itafanya mambo fulani kila siku, kila zamu, kwa kila mgonjwa. Anayeahidi ndiye anayedaiwa, na wanaodai ni sisi tunaolaza watu wetu pale.

Na kilichoahidiwa si siri. JCI wana malengo 6 ya usalama wa mgonjwa, na matatu ya mwanzo yanagusa dawa moja kwa moja. La kwanza, mgonjwa atambulishwe kwa vitambulisho viwili kabla hajapewa kitu chochote, na namba ya chumba au ya kitanda haihesabiwi kuwa kitambulisho. La pili, agizo linalotolewa kwa mdomo au kwa simu liandikwe, kisha lisomwe tena kwa aliyelitoa, naye athibitishe. La tatu, dawa za hatari kubwa ziwekewe uangalizi wa pekee: insulini, dawa za kuzuia damu kuganda, na chumvi ya potasiamu iliyokolea, ambayo haitakiwi kukaa ovyo kwenye kabati la wadi, kwa sababu ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa moyo unasimama. Hivi ni vidogo mno. Havihitaji mashine ya Ujerumani.

Hilo la pili kwetu sisi watu wa madrasa si geni hata kidogo. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anarudia, mwalimu anasikiliza, na akikosea harufi moja anasimamishwa pale pale. Hakuna mwalimu mwenye akili anayemsomea mtoto aya mara moja kisha akamwambia nenda nyumbani umehifadhi. Sasa inakuwaje Qur'ani ya mtoto wa miaka 6 irudiwe mbele ya mwalimu, na kipimo cha insulini ya mzee wa miaka 70 kipite kwenye simu yenye kelele, muuguzi aitikie "sawa daktari", na mambo yaishie hapo?

Na nukta jamani! Nani asiyejua kazi ya nukta kuliko sisi? Nukta ikiwa chini ni ba, ikiwa juu ni nuni, zikiwa mbili juu ni ta. Maana yote ya neno imegeuka kwa tone la wino. Hospitalini mambo ni hayo hayo. Daktari akiandika 1.0 na nukta ikafifia, msomaji ataona 10, na mgonjwa atapata mara kumi ya haki yake. Akiandika kipimo cha insulini kwa herufi U, kama ilivyokuwa desturi, U iliyoandikwa kwa haraka inafanana na sifuri, na 4 inakuwa 40. Ndiyo maana Joint Commission mwaka 2004 walitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku, na U imo, na sifuri ya mwisho baada ya nukta imo. Waliambiwa waandike neno zima. Leo nenda kachukue karatasi yoyote ya dawa iliyoandikwa kwa mkono katika miji yetu, utazame kama sheria hiyo imefika.

Sasa nisimulie kilichonifanya nishike kalamu. Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja alimlaza binti yake wa miaka 9 kwa homa kali, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto anaitwa Fatuma. Kitanda cha pili yake alikuwapo Fatuma mwingine, mgonjwa wa kifafa. Usiku wa manane muuguzi akaingia na sindano mkononi, akauliza mlangoni, "Fatuma ni yupi?" Bibi aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake, akiwa amelala chini kwenye mkeka, akashtuka akaitika, "Abee mwanangu, huyu hapa." Sindano ya yule ikaingia kwa huyu. Mtoto alilala usingizi wa kutisha mpaka kesho yake adhuhuri, hata kumeza mate ilikuwa tabu. Alhamdulillahi alipona. Baba alipokwenda kuuliza, akaketishwa ofisini chini ya cheti, akaambiwa kwa adabu kubwa kwamba hospitali hii ina ithibati, kwamba taratibu zake ni za kimataifa, na kwamba tatizo huenda ni bibi aliyeitika.

Tazameni jambo hilo lilivyo. Bibi wa miaka zaidi ya 60, hana mshahara pale, hana sare, hakusomea uuguzi, ndiye amebebeshwa lengo la kwanza la usalama wa mgonjwa!

Na hebu tuangalie wadi zetu zilivyo. Katika mitaa ya Waislamu wa Kigali, Bujumbura, Bukavu na Kampala, ukiita Hassan wanageuka watatu. Aisha, Mariamu, Ramadhani, Juma, majina yetu ni yale yale, tumeyarithi na tutaendelea kuyarithi. Jina la baba nalo halisaidii sana, kwa kuwa Hassan bin Juma na Juma bin Hassan wanaweza kulala vitanda viwili vinavyotazamana. Wazee wetu wengi tarehe ya kuzaliwa hawaijui, watakwambia nilizaliwa mwaka wa njaa. Kwa hiyo kitambulisho cha pili kwetu lazima kiwe namba ya faili, iliyoandikwa kwenye mkanda wa mkononi, isomwe na kulinganishwa na karatasi ya dawa. Na swali lenyewe lina adabu yake. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ni Fatuma?" Mgonjwa mwenye homa ataitikia jina lolote. Muulize, "Jina lako nani?" kisha nyamaza umsikilize. Tofauti ya maswali hayo mawili haigharimu hata senti moja.

Wapo watakaosema: mwalimu, hayo ni matatizo ya nchi maskini, wenzetu waliotangulia wameshayamaliza. La hasha. Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 1999 ilikisia kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi ile kwa makosa ya kitabibu yanayozuilika, makosa ya dawa yakiwemo. Na nchi hiyo ndiyo kitovu cha ithibati.

Nitatoa mfano mmoja wa huko, na naufuata mbali kwa makusudi, kwa sababu ule uliandikwa wote mahakamani, ilhali wa kwetu hauandikwi. Tarehe 26 Desemba 2017, katika hospitali ya chuo kikuu cha Vanderbilt, mji wa Nashville, mama wa miaka 75 alikuwa anapelekwa kupigwa picha kwenye mashine, naye aliogopa kufungiwa ndani. Akaandikiwa dawa ndogo ya kumtuliza. Hospitali hiyo si kibanda, ni hospitali kubwa, yenye ithibati, na ina makabati ya dawa yanayofunguka kwa kompyuta. Muuguzi akaandika herufi mbili za mwanzo za jina la kibiashara la dawa, V na E. Kabati lilikuwa linazijua dawa kwa majina yao ya kitaalamu, kwa hiyo halikuipata. Akabonyeza sehemu ya kuruka utaratibu, kabati likamtolea dawa nyingine inayoanza na herufi hizo hizo: vekuroniamu, dawa inayopooza misuli yote ya mwili, pamoja na ile ya kupumulia. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye kifuniko cha chupa. Hakulisoma. Akamdunga, akaondoka, mgonjwa akabaki peke yake. Alifariki siku ya pili.

Muuguzi hakuficha, alikiri. Basi nini kilifuata? Alifukuzwa kazi Januari 2018. Kifo kilipelekwa kwa mchunguzi wa vifo kama kifo cha kawaida cha kuvuja damu kichwani, habari ya dawa haikutajwa. Hospitali ikamalizana na familia nje ya mahakama. Wakaguzi wa serikali kuu hawakujua lolote mpaka mtu asiyejulikana alipowapelekea taarifa, karibu mwaka mzima baadaye. Mwezi Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani muuguzi kwa kuua bila kukusudia, na Mei mwaka huo akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Hospitali haikushitakiwa kwa jinai.

Mimi simtetei. Kutosoma chupa ni kosa, na aliyekufa ni mama wa watu. Lakini nauliza: kabati lililoruhusu kurukwa utaratibu kwa kubonyeza mara moja, nani alilipanga? Kule kwenye chumba cha picha hapakuwa na kifaa cha kusoma alama za dawa na mkanda wa mgonjwa, ingawa wodini vilikuwepo. Nani aliamua hivyo? Na aliyesaini taarifa ya kifo bila kutaja dawa, yeye hakuwa na sehemu yake? Cheti kilibaki ukutani muda wote huo, wala hakikuanguka.

Karibu na kwetu, Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wagonjwa wawili walibadilishwa, na asiyehitaji kupasuliwa kichwa ndiye aliyepasuliwa. Hilo halikuwa la dawa, lakini mzizi ni ule ule wa Fatuma na Fatuma: nani huyu? Hatua ya kwanza ilikuwa kumsimamisha kazi daktari mpasuaji, wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi. Madaktari wenzao wakagoma wakisema mfumo ndio mbovu. Naam, hapo nilikuwa pamoja nao kwa nusu, kwa maana mfumo hauna mikono na wao wanayo. Ila ni kweli kwamba ukimfukuza mmoja na ukaacha mikanda inachanganyika, umemwandalia kosa lile lile atakayeajiriwa kesho.

Sasa turudi kwenye cheti. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliolinganisha hospitali zaidi ya 4,000 za Marekani: zile zenye ithibati ya vyombo binafsi, wengi wao Joint Commission, na zile zinazokaguliwa na wakaguzi wa majimbo tu. Waliangalia wagonjwa waliokufa ndani ya siku 30. Hawakuona tofauti ya maana. Waliorudi kulazwa walikuwa pungufu kidogo kwenye zenye ithibati, na hilo tulitaje kwa uadilifu. Lakini ikiwa huko, kwenye wakaguzi wenye fedha na uzoefu wa miaka 70, cheti peke yake hakikutosha kupunguza vifo, mkurugenzi wa kwetu anatuoneshaje cheti kama hati ya kutokosea?

Sababu mojawapo tunaijua sisi sote tuliowahi kusoma shule. Mkaguzi akitangaza siku yake, walimu wanavaa tai, madirisha yanapigwa sabuni, na wanafunzi wanafundishwa majibu. Hospitali ni hivyo hivyo. Wiki ya ukaguzi kila mgonjwa ana mkanda, kila kabati lina kufuli, potasiamu imehamishiwa stoo. Wiki ya pili mambo yanarudi nyumbani. Joint Commission waliligundua hilo, na tangu mwaka 2006 wanaingia hospitali za Marekani bila kutangaza siku. Wizara zetu za afya zinazojenga mipango yao ya ithibati zinaiga vitabu vya masharti. Mbona haziigi hilo la kuja bila hodi? Waje saa 8 za usiku, siku ya sikukuu, wakati muuguzi mmoja ana wagonjwa 30.

Na kwa wanaodhani ukaguzi wa waganga ni jambo la kizungu, wafungue vitabu vya tarehe. Mwaka 931, Baghdad, khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja amekufa kwa kosa la mganga. Hakusema mambo yameshapita. Alimwamuru muhtasib wa mji azuie kila mganga kufanya kazi mpaka apewe mtihani na Sinan bin Thabit bin Qurra, tabibu mkuu. Waliofanyiwa mtihani pande mbili za mji walizidi 860, mbali na wale mashuhuri waliosamehewa. Hiyo ndiyo ithibati yetu ya kale, na ilianzia kwenye kifo cha mtu mmoja asiye na cheo, ambaye hata jina lake hatukuletewa.

Lakini msikilize na kituko chake, maana ukweli lazima usemwe wote. Ibn al-Qifti amesimulia kwamba alikuja mbele ya Sinan mzee wa kupendeza, amevaa vizuri, Sinan akamheshimu akamketisha. Muda wa mtihani ulipofika, mzee akatoa dinari za dhahabu, akasema yeye hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia na anaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti asimguse mgonjwa kwa asilolijua na asiagize kupiga chuku wala dawa ya kuharisha ila kwa maradhi madogo. Mzee akasema ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kesho yake akaja kijana. Ulisoma kwa nani? Kwa baba yangu. Baba yako nani? Mzee wa jana. Naye akapitishwa. Basi ninyi wenye kudhani ithibati yoyote haina mlango wa nyuma, kaeni na kisa hicho kidogo.

Nije kwetu sisi familia, maana lawama si za hospitali pekee. Sisi tumekuwa wepesi mno kufunga faili. Mtu wetu akifa, kabla hata cheti cha kifo hakijaandikwa, tumeshasema ni kadari, ajali yake imefika, tusiulize. Kadari tunaiamini, wala sitafuti mjadala wa itikadi hapa. Lakini imani hiyo hiyo haikuwazuia mafakihi kuandika milango mizima ya dhamana ya tabibu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W) alimtwika dhamana anayejitia kutibu ilhali hajulikani kwa utabibu. Kama kadari ingekuwa inafuta swali, dhamana ingewekwa ya nini? Anayesema "ni kadari" ili apate subira, Allah amjaalie. Anayelisema ili mkurugenzi asiulizwe, huyo ameitumia kadari kumlipia deni mtu mwingine.

Kisha liko jambo ambalo vitabu vya masharti vya kigeni havilijui vizuri, nalo ni kwamba katika hospitali nyingi za kwetu famasia ni sisi. Daktari anaandika karatasi, ndugu anatoka mbio na karatasi hiyo mpaka duka la dawa ng'ambo ya barabara, hakuna, anakwenda la pili, anaambiwa hiyo haipo lakini ipo hii inayofanana, ananunua, anarudi nayo kwenye mfuko wa plastiki, muuguzi anaipokea usiku anaichoma. Mnyororo huo una pete ngapi? Sisi tumefundishwa kwamba hadithi haipokelewi ikiwa mpokezi mmoja katikati hajulikani. Hapo wapokezi wangapi hawajulikani?

Matokeo yake Kongo waliyaona. Kuanzia Desemba 2014 mpaka katikati ya 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, upande wa Ituri, watu zaidi ya 900 walilazwa shingo zimepinda, ulimi nje, macho yamekwenda juu. Mwanzoni wakadhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Wapo waliokufa. Vidonge vilipopimwa ikaonekana chupa imeandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, kumbe ndani ni haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, tena kwa kiasi kikubwa. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Julai 2015. Shirika hilo hilo mwaka 2017 lilikisia kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 katika kila 10 ni bandia au chini ya kiwango. Muuguzi mwaminifu, mwenye vitambulisho viwili na kila kitu, angeisoma chupa ile vizuri kabisa na angempa mgonjwa sumu. Kwa hiyo hospitali inayomtuma ndugu wa mgonjwa barabarani kununua dawa za sindano, na papo hapo inajisifu kwa cheti cha usalama wa dawa, haijatuambia ukweli wote.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: wauguzi ni wachache, wamechoka, mishahara inachelewa. Ni kweli. Nina wanafunzi niliowasomesha juzu amma ambao leo ni wauguzi, na nimewaona wakitoka zamu ya usiku macho mekundu. Makala hii si fimbo yao. Kinyume chake, ni wao wanaofukuzwa kwanza. Lakini uchache wa wauguzi unaeleza kwa nini mgonjwa amechelewa kupewa dawa. Hauelezi kwa nini potasiamu na maji ya kuchanganyia sindano, vichupa viwili vinavyofanana, vimewekwa kwenye sinia moja. Kuvitenganisha ni kazi ya asubuhi moja. Hauelezi kwa nini daktari hawezi kuandika neno zima. Na hauelezi kabisa kwa nini baba yake Fatuma hakupewa karatasi yenye maelezo.

Hapo kwenye karatasi ndipo ninapotaka tusimame. Joint Commission wanapopata habari ya tukio lililomuua mgonjwa au kumdhuru vibaya, hutaka hospitali ichimbe mzizi wake na kupanga marekebisho ndani ya siku 45 za kazi. Anayetaka heshima ya ithibati, ya kimataifa au ya wizara, achukue na mzigo huo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza nusu ya madhara makubwa ya dawa yanayozuilika ndani ya miaka 5. Miaka hiyo ilikwisha 2022, mwaka ambao tarehe 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ilikuwa maalumu kwa dawa, na majengo yakawashwa taa za rangi ya machungwa. Taa tuliziona. Nusu hiyo katika wadi zetu ni nusu ya ngapi, ikiwa makosa hayahesabiwi?

Basi wazazi wenzangu, mnapolaza mtu, fanyeni haya bila ugomvi na bila kuona haya. Muuguzi akija na dawa, msalimieni, kisha muulizeni jina la dawa, ni ya nani, ni ya nini na ni kiasi gani. Mwambieni mzio wa mgonjwa wenu hata kama mlishamwambia wa mchana. Dawa zote anazotumia nyumbani, pamoja na zile za miti shamba na habasoda, zitajeni, msione aibu. Mkinunua dawa nje, msikubali "hii inafanana" mpaka daktari aliyeandika aiambie karatasi ndiyo, na boksi lake msilitupe. Anayeuguza usiku awe mtu mzima aliye macho, na akisikia jina linaitwa mlangoni asiitike kwanza. Aseme, "Soma namba ya faili."

Na kamati za misikiti, ambazo kila mwaka zinakusanya michango ya kuwalipia wagonjwa, zina haki ambayo mtu mmoja hana. Kabla ya kupeleka fedha hospitali yoyote, ziandike barua fupi: makosa mangapi ya dawa yameandikwa hapa mwaka uliopita, na familia ngapi ziliambiwa? Hospitali ikijibu kwamba hakuna hata moja, hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko inayotaja 40. Baba yake Fatuma ameshaandika yake, kwa mkono, kurasa mbili, na nakala yake ninayo hapa madrasani. Mpaka ninapoandika haya hajajibiwa.